Chupa ya dola 9 inafika kwa dola 18: maswali ya wasomaji kuhusu kuagiza na kuuza pombe kali Zanzibar

Barua nyingi za safari hii zimetoka Unguja, na karibu zote zinahusu biashara moja: kuleta wiski, vodka, jin na ndugu zake kisiwani na kuziuza kwa hoteli na baa. Tumezifupisha na kuziunganisha zile zilizouliza jambo lilelile.

Nimeanza kuleta jin kutoka Ulaya kwa ajili ya hoteli za pwani ya mashariki. Chupa ya sentilita 70 nainunua dola 9. Mwenzangu katika biashara anasema nikiiuza jumla kwa dola 17 nitakula hasara. Mimi naona faida ya dola 8. Nani anakosea? — Mwagizaji mpya, Unguja

Unakosea wewe, ndugu, na kosa lako ndilo linalofunga biashara nyingi changa kisiwani. Bei ya muuzaji wa nje ni nusu tu ya bei ya chupa iliyokaa kwenye rafu yako. Tufuate chupa moja tangu bandari ya kupakia. Viwango vya kodi hapa ni vya mfano. Viwango halisi vichukue kwenye kitabu cha ushuru cha mwaka husika, kwa maana hubadilika kila bajeti.

Chupa ni dola 9.00. Ongeza nauli na bima, tuseme dola 1.00, thamani ya forodha inakuwa 10.00. Ushuru wa forodha tukiuweka asilimia 25 ni 2.50. Ushuru wa bidhaa hutozwa kwa lita. Tukiuweka dola 2 kwa lita, chupa yako ya lita 0.7 inadaiwa 1.40. Umeshafika 13.90. VAT ya asilimia 15 inapigwa juu ya jumla yote hiyo, si juu ya dola 9, nayo ni 2.09. Sasa una 15.99. Gharama za bandari, wakala wa forodha, gari na makuli zigawe kwa idadi ya chupa: senti 80 ni makadirio ya wastani kwa mzigo mdogo. Imekuwa 16.79. Chupa moja na nusu katika kila mia itavunjika, itavuja au itapotea njiani, na gharama yake lazima ibebwe na zilizobaki: 17.05. Mwisho, fedha yako imekaa siku 120 tangu ulipomlipa muuzaji hadi hoteli ilipokulipa. Kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka hiyo ni dola 1.01 kwa kila chupa. Jumla ni 18.06.

Kama umesajiliwa kwa VAT, zile 2.09 utazirudisha kwa kuzikata kwenye VAT ya mauzo yako, hivyo gharama yako halisi ni karibu dola 16. Lakini angalia upande wa pili. Dola 17 unayotaka kuuzia ina VAT ndani yake au haina? Ikiwa inayo, 2.22 si yako. Unabaki na 14.78, na kila chupa inayotoka inakupunguzia dola 1.19. Ikiwa ni 17 kabla ya VAT, umepata dola moja na senti tatu. Tofauti ya faida na hasara hapo ni maneno mawili kwenye karatasi ya bei: "pamoja na".

Zingatia nauli kuliko kitu kingine. Kwa kuwa ushuru wa forodha na VAT vinapigwa juu ya thamani yenye nauli ndani yake, kwa viwango vya mfano huu kila dola moja ya nauli inafika stoo ikiwa dola 1.44. Kisiwa kidogo kinaumia hapa. Mzigo mwingi wa Zanzibar haufiki kwa meli kubwa ya moja kwa moja. Unahamishwa meli njiani, mara nyingi Dar es Salaam au Mombasa, na kila kuhamishwa kuna gharama na siku zake. Ukiagiza paleti mbili ndani ya kontena la pamoja, nauli kwa chupa inaweza kuwa mara mbili au tatu ya kontena lako mwenyewe. Waagizaji wadogo watatu waliojaza kontena moja la futi 20 kwa makubaliano ya maandishi huokoa fedha kuliko yule anayebishana na muuzaji juu ya senti 30 za bei.

Usijaribu kuokoa kwenye ankara. Kuandika dola 5 badala ya 9 ni udanganyifu. Forodha wana haki ya kukataa thamani uliyotangaza na kuweka yao kwa kulinganisha na shehena zinazofanana, na mzigo unalala bandarini huku mkivutana.

Jambo dogo la karatasi: kila aina iandikwe kwenye mstari wake na namba yake ya ushuru. Brandi ya zabibu ni 2208.20, wiski 2208.30, ramu 2208.40, jin 2208.50, vodka 2208.60, na likeri, yaani zile tamu, 2208.70. Ankara inayosema "pombe mchanganyiko, katoni 400" ni mwaliko wa kufunguliwa kontena zima.

Kipi kinatangulia, kumlipa muuzaji wa nje au kupata kibali? Muuzaji ananisukuma, anasema bei itapanda. — Mfanyabiashara, Mjini Magharibi

Kibali. Hata bei ikipanda.

Zanzibar ina sheria yake ya udhibiti wa vileo, ya mwaka 2020, na bodi yake inayotoa vibali. Kibali cha kuingiza ni kitu kimoja na leseni ya kuuza ni kitu kingine. Mwenye leseni ya baa hana ruhusa ya kuagiza kontena kwa sababu hiyo tu. Baada ya bodi kuna bidhaa yenyewe: Wakala wa Chakula na Dawa na Taasisi ya Viwango za Zanzibar wanataka kujua kilichomo ndani ya chupa na kilichoandikwa juu yake. Ndiyo maana, kabla ya kulipa hata malipo ya awali, mwombe muuzaji picha ya lebo ya mbele na ya nyuma, pamoja na cheti cha uchambuzi wa maabara cha toleo lile utakalopewa. Usikubali cha mwaka juzi.

Mzigo hukwama kwa vitu vidogo mno. Lebo inasema asilimia 43 na cheti kinasema 40. Ankara inasema chupa za 75, katoni zina 70. Jina la kampuni kwenye kibali lina neno moja ambalo halimo kwenye hati ya shehena. Mtake muuzaji akutumie rasimu ya hati ya shehena kabla meli haijaondoka, kaa na wakala wako msome herufi kwa herufi. Kurekebisha rasimu ni barua pepe moja tu. Meli ikishang'oa nanga, kila herufi inalipiwa.

Wageni pia hugonga mlango usio wao. Forodha ni jambo la Muungano, kwa hiyo tamko la forodha Zanzibar linashughulikiwa na TRA, mamlaka ya mapato ya Tanzania. VAT ya mauzo yako ya ndani ni ya ZRA, mamlaka ya mapato ya Zanzibar. Unahitaji kuwa safi kwa wote wawili.

Shehena ikishushwa una siku 21 za kuwasilisha tamko, baada ya hapo inaweza kupelekwa kwenye ghala la forodha na hatimaye kunadiwa. Ikiwa huna fedha ya ushuru wote kwa mkupuo, uliza kuhusu ghala la dhamana: mzigo unahifadhiwa chini ya ufunguo wa forodha bila kulipiwa ushuru, unatoa katoni 50 leo na 80 mwezi ujao, ukilipia zile unazotoa tu. Muda wake ni miezi 6, na inawezekana kuomba mingine 3. Pango la ghala hilo utalilipa, lakini kwa chupa za bei kubwa zinazotoka polepole ni nafuu kuliko kufungia ushuru wa mwaka mzima ndani ya stoo.

Na usisahau tarehe ya mwisho ya kibali. Januari 2024 hoteli na baa za Zanzibar zilikaukiwa baada ya vibali vya waagizaji watatu wa muda mrefu kutohuishwa na kazi kupewa kampuni mpya. Bei zilipaa ndani ya siku chache. Anayeanza leo ajifunze kupanga safari ya kontena lake kwa kalenda ya kibali: mzigo ufike kibali kikiwa hai, wala usiwe baharini siku kinapokufa.

Kontena la futi 20 linaingia katoni ngapi? Nipakie kwenye paleti au zipangwe chini? — Msomaji, Fumba

Katoni ya chupa 12 za sentilita 75 ina uzito wa kilo 15 hadi 16. Zikipangwa moja kwa moja sakafuni, kontena la futi 20 huchukua kama 1,200 hadi 1,300, karibu tani 20. Kwa paleti za kawaida za sentimita 100 kwa 120 zinaingia 10, na idadi ya katoni hupungua sana kwa kuwa paleti zinakula nafasi juu na pembeni. Katoni za chupa 6 zina kilo 7 hadi 9 na ni rafiki zaidi kwa mteja mdogo, maana baa ya kijijini hainunui chupa 12 za tekila.

Mzigo wa aina moja, kwa mfano vodka ya bei nafuu inayotoka haraka, upangwe sakafuni. Mzigo wa aina ishirini tofauti uweke kwenye paleti, kila paleti na orodha yake nje, la sivyo siku ya ukaguzi katoni zote zitamwagwa ili kutafuta mbili. Mtake mpakiaji asiache pengo katikati. Katoni inayopata nafasi ya kucheza ndiyo inayofika ikiwa imelowa.

Adui mkubwa ni jasho la kontena. Chuma kinapoa usiku baharini, unyevu wa hewa na wa mbao mbichi za paleti unaganda juu ya paa la ndani, kisha unadondoka. Pombe haidhuriki hata kidogo, ila lebo inavimba na kuota ukungu, na meneja wa hoteli ya nyota tano anairudisha chupa hiyo bila kuonja. Agiza paleti kavu, karatasi nzito juu ya safu ya mwisho, na mifuko 4 hadi 6 ya dawa ya kukausha unyevu, ya kilo moja moja, ining'inizwe ndani.

Siku ya kupokea, piga picha ya lakiri na namba yake kabla haijakatwa. Ilinganishe na hati ya shehena. Katoni iliyolowa au nyepesi iandikwe kwenye karatasi ya makabidhiano palepale. Hasara isiyoonekana kwa nje itolewe taarifa kwa kampuni ya meli kwa maandishi ndani ya siku 3, hata kama bado hujajua idadi kamili. Wengi huandika baada ya wiki mbili, wakishamaliza kuhesabu, na hapo jukumu la kuthibitisha kwamba chupa hazikuvunjika kwenye stoo yako limeshakuangukia. Bima iwe ile ya hatari zote. Bima nyembamba inalipa meli ikizama na hailipi katoni ikichotwa.

Kuhusu saizi: linganisha kwa lita, si kwa chupa. Dola 9.00 kwa sentilita 70 ni dola 12.86 kwa lita. Dola 9.30 kwa 75 ni 12.40, kwa hiyo chupa inayoonekana ghali ndiyo rahisi. Umoja wa Ulaya hauruhusu pombe kali kuuzwa kwenye chupa ya 75 ndani ya soko lake, hivyo chupa za 75 ni zile zilizotengenezwa kwa masoko mengine kama Marekani na Afrika Kusini. Weka jambo hilo akilini, litakufaa kwenye swali la bandia.

Tahadhari moja ya mwisho hapa. Pombe ya asilimia 24 hadi 70, ikiwa kwenye chupa, husafirishwa baharini bila masharti ya mizigo ya hatari. Ikipita 70, kama ramu zile za asilimia 75.5, inahesabiwa mzigo wa hatari wenye hati na tozo zake. Katoni mbili za ramu hiyo zilizofichwa katikati ya kontena zinaweza kulizuia lote.

Naweza kununua jumla Zanzibar na kuuza kwenye duka langu Tanga? — Mwenye duka, Tanga

Hapana, si kwa kuzibeba tu kwenye boti. Bara ina kodi zake na, tangu Januari 2019, stempu za kielektroniki kwenye pombe kali, mvinyo na bia. Chupa isiyo na stempu hiyo kwenye rafu yako ni kosa lako wewe, siyo la aliyekuuzia. Nunua kwa msambazaji wa Bara.

Likeri ya krimu imeganda kama mtindi, na wiski za bei kubwa zimepungua chupani ingawa hazijafunguliwa. Je, zilikuwa mbovu tangu zinafika? — Mtunza stoo, Nungwi

Yaelekea zilifika nzima, zikaharibikia kwako. Stoo yako ina paa la bati, sivyo?

Likeri za krimu zina maziwa. Watengenezaji wengi huzipa takriban miaka miwili tangu kutengenezwa, mahali pasipozidi nyuzi 25. Chini ya bati, mchana wa Januari au Februari, joto la ndani linapita hapo kwa mbali, na miezi michache tu inatosha kuifanya krimu ijitenge na kuwa mabonge. Haisaidii kutikisa. Za namna hiyo ziwe kwenye chumba chenye kiyoyozi, na uagize kidogo kidogo. Soma tarehe ya kutengenezwa kabla ya kununua: muuzaji wa nje anayekupa bei tamu kupita kiasi mara nyingi anakuondolea mzigo uliobakiza miezi minane, na mitatu kati yake itaishia baharini.

Wiski, ramu na vodka haziozi. Zinachopata ni mambo mawili. Kwanza, kizibo cha gome. Mvinyo hulazwa ili kizibo kilowe. Pombe kali husimamishwa, kwa kuwa kilevi cha asilimia 40 kinakila kizibo, kinalegea na kumeguka. Kama ulizilaza zako, hilo ndilo jibu. Pili, joto linalopanda mchana na kushuka usiku husukuma hewa ndani na nje kila siku, na kwa kizibo kilicholegea mvuke unatoka pamoja na harufu yake. Mwanga wa jua nao huchujua rangi.

Wiski ikiwa na ukungu mweupe baada ya kutoka kwenye friji, usiirudishe. Wiski zisizochujwa kwa baridi, hasa zilizo chini ya asilimia 46, hufanya hivyo. Ikipata joto la chumba inang'aa tena.

Sasa jambo la hatari. Mvuke wa pombe ya asilimia 40 unaweza kushika moto ukikutana na cheche kuanzia nyuzi joto kama 26. Stoo ya kisiwani iko juu ya joto hilo karibu mwaka mzima. Katoni zikiwa zimefungwa hakuna tatizo. Chupa sita zikivunjika kwenye chumba kisicho na dirisha, kuna tatizo kubwa. Weka matundu ya hewa chini na juu ya ukuta. Mvuke wa kilevi ni mzito kuliko hewa, unakaa sakafuni. Jenereta, jiko na kuchomelea chuma viwe mbali. Ikimwagika, kwanza fungua milango, usiguse swichi, kisha mwaga maji mengi. Katoni zisipangwe zaidi ya urefu ulioandikwa ubavuni mwake, na ziinuliwe kutoka sakafuni japo sentimita 10.

Nimenunua haidromita ili nijue pombe bandia. Inatosha? — Meneja wa baa, Stone Town

Haitoshi, na kwa hatari ile kubwa kuliko zote haisaidii chochote.

Haidromita inapima uzito wa kimiminika. Ukiwa na vodka, jin au wiski kwenye nyuzi 20, inakuonyesha kama iliongezwa maji: iliyoandikwa 40 ikisoma 33, mtu ameichezea. Lakini kama umepima kwenye joto la nyuzi 30 bila kurekebisha kwa jedwali, itakudanganya kwa kuonyesha nguvu zaidi ya iliyopo. Kwenye likeri haifanyi kazi kabisa; sukari inaongeza uzito. Na methanoli, ile sumu inayopofusha na kuua, ina uzito unaokaribiana mno na wa kilevi cha kawaida: 0.791 kwa 0.789. Pombe yenye methanoli itasoma 40 safi kabisa. Haina harufu ya kuitambulisha, na kuiwasha moto uangalie rangi si kipimo cha kutegemea. Maabara pekee ndiyo inayoiona.

Kinga yako ni karatasi na macho. Nunua kwa mwagizaji mwenye kibali, mwenye risiti. Angalia namba ya toleo, ile iliyochapwa kwa wino au mwanga kwenye kioo au nyuma ya lebo. Ikiwa imekwanguliwa, usiinunue. Huenda pombe ni halali iliyopitishwa njia za kando, lakini siku ikitokea tatizo hutaweza kuifuatilia ilikotoka. Chupa ya 75 yenye alama za kodi za nchi ya Ulaya haiendi sawa. Wiski ya Scotland yenye asilimia chini ya 40 haipo kisheria, na tangu Novemba 2012 ile ya kimea cha shayiri cha kiwanda kimoja haiwezi kujazwa kwenye chupa nje ya Scotland. Kwenye brandi ya Cognac, neno XO tangu 2018 linataka miaka isiyopungua 10 kwenye pipa. Ikiuzwa kwa bei ya VS, daraja changa kabisa la Cognac, jiulize kwa nini.

Bandia nyingi hujazwa kwenye chupa halisi tupu zinazotoka kwenye baa kama yako. Chupa za bei kubwa zikiisha, kwangua lebo na uvunje shingo kabla hazijatoka nje. Mteja akilalamika kuona ukungu, kichwa kikali na kutapika saa kadhaa baada ya kunywa, mpelekeni hospitali mara moja pamoja na chupa ile, msimsubiri alale.

Chupa zangu 10 za wiki hazilingani na fedha ya kaunta. Mhudumu anasema "chupa moja ni toti 20". — Mwenye baa, Paje

Chupa ya sentilita 75 kwa kipimo cha mililita 25 ni toti 30; ya 70 ni 28. Kwa kipimo cha mililita 30 ni 25 na 23. Kusema 20 ni kukupa hasara ya toti 5 kwa chupa ya 75 hata ukitumia kipimo kikubwa. Ruhusu moja ya kumwagika, basi.

Nunua mizani ya jikoni ya kidijitali. Mililita moja ya pombe ya asilimia 40 ina gramu 0.948. Chupa kamili ya 70 ina gramu 664 za pombe. Pima chupa tupu ya kila aina mara moja, uandike uzito kwenye daftari, maana vioo vinatofautiana sana. Usiku ukiisha weka chupa kwenye mizani, toa uzito wa kioo, gawanya kwa 0.948, utajua mililita zilizobaki. Toti ya 30 ni gramu 28.4. Kazi ya dakika kumi kwa chupa ishirini. Kwa likeri mfumo huu unahitaji namba nyingine, kwa ajili ya sukari. Wewe pima toti moja ya likeri hiyo na utumie uzito huo.

Usianze na lawama. Mara nyingi shida ni kipimo chenyewe: mdomo wa kumiminia unaotoka haraka na hakuna anayetumia kikombe cha kupimia kukiwa na wateja wengi.

Niagize kiasi gani, na lini? Mwaka jana niliishiwa Agosti, Aprili stoo ikajaa. — Msambazaji mdogo, Unguja

Uliagiza kwa mauzo ya mwezi uliopo, ndugu, badala ya mauzo ya mwezi ambao mzigo utafika. Kisiwa kilichopokea wageni zaidi ya 600,000 mwaka 2023 kinakunywa kwa kalenda yao: Juni mpaka Oktoba, tena Desemba mpaka Februari. Masika, Aprili na Mei, baadhi ya hoteli hufunga kabisa. Kwa hiyo mzigo wa Julai unalipiwa Machi, wakati ambapo mauzo yanaanza kukuambia usiagize.

Hesabu siku zako halisi: kutayarisha na kupakia, bahari, kuhamisha meli, kutoa bandarini. Tangu mwisho wa 2023 meli nyingi zinazotoka Ulaya ziliacha njia ya Bahari ya Shamu zikazunguka kusini mwa Afrika, jambo lililoongeza wiki moja hadi mbili. Tuseme kwako ni siku 90. Ukiuza katoni 40 za vodka kwa mwezi msimuni, agiza pale zilizopo stoo na zilizo baharini zinapofika jumla 160: 120 za miezi mitatu ya kusubiri, na 40 za akiba.

Fanya hesabu hiyo kwa zile bidhaa tano au sita zinazobeba mauzo yako. Zile arobaini nyingine, tekila ya mgeni mmoja na wiski ya miaka 18, ziletwe kwa oda ya maandishi ya hoteli, pamoja na malipo ya awali ya nusu. Ramadhani nayo kwa miaka hii inaangukia Februari na Machi, ndani ya msimu wa wageni: baa nyingi za mjini hupunguza au hufunga, ilhali hoteli za pwani zinaendelea. Mtenganishe mteja wa mjini na wa pwani kwenye makadirio.

Kuhusu mkopo: hoteli hupenda siku 60 na hulipa siku 90. Andika ukomo wa deni kwa kila hoteli, na deni lote la Machi lidaiwe kabla ya tarehe 15 Aprili. Baada ya hapo mhasibu yuko likizo, jengo limefungwa kwa masika, na kontena lako la Julai linasubiri kulipiwa.